Kadi ya taifa ikipitwa na tarehe, uraia nao unapitwa? Tusaidiane hapa

#1 FundiLaini (Busia)
Salaam jamaa. Nina kibanda cha laini na mobile money karibu na mpaka, na tangu uandikishaji mpya wa kadi za taifa za Uganda uanze tarehe 27 Mei 2025 naulizwa maswali yaleyale kutwa kucha. Endagamuntu yangu (hiyo kadi ya taifa) imepitwa na tarehe, laini itazimwa? Nitapiga kura? Mama mmoja mtu mzima kaniuliza kwa sauti ya chini kama bado ni raia wa Uganda.

Hoja yangu ni hii. Serikali imewaeleza watu waende wapi wapange foleni, lakini haijawaeleza kitu chenyewe ni nini. Namba ya utambulisho ya taifa (NIN) ni kitu kimoja, kadi ni kitu kingine, uraia ni kitu cha tatu. Wateja wangu wengi wanaamini vyote vitatu vimo ndani ya kile kiplastiki. Na kwa nini kadi ipewe miaka 10 tu? Wenye kujua mwageni maarifa.

#2 Binti_Koboko
Nimeketi hapa nangoja majibu ya wasomi 😄

#3 WakiliMdogo (Lira)
FundiLaini umegusa penyewe. NIN haiishi muda. Ukishapewa ni yako mpaka kaburini: herufi na tarakimu 14, ya kwanza C kwa raia, ya pili M au F, halafu tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Kadi mpya ikitoka inakuja na NIN ileile. Uraia nao uko kwenye Katiba, haukai kwa NIRA, ile mamlaka ya usajili na vitambulisho. Ibara ya 10 inasema nani ni raia wa kuzaliwa, na hakuna mahali imeandika "mradi kadi yake haijapitwa".

Kuhusu huduma, someni kifungu cha 66 cha Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015. Kinataja ajira, pasipoti, akaunti ya benki, bima, ununuzi wa ardhi, kodi na mengine. Lakini kinasema mtu aonyeshe namba AU kadi. Hilo "au" ndilo watu wa madirishani hawalioni.

#4 Kisenyi_Boy
Wakili, peleka hilo "au" kwa askari wa mlangoni pale benki uone kama utaingia.

#5 MamaShani (Jinja)
@Kisenyi_Boy 🤣🤣 Umemmaliza.

Mimi nimekutana nalo. Nilikwenda benki moja kutoa pesa zangu mwenyewe, si mkopo wala msaada. Kijana wa dirishani akaniambia kadi imekufa. Namba yangu ilikuwa kwenye kompyuta yake, picha yangu anaiona, alama ya kidole imekubali. Bado anasema kadi imekufa. Nikamuuliza, na mimi unanionaje, nimekufa? Mkubwa wake ndiye aliyetoka akamwambia anihudumie, kwa sababu serikali ilikwisha kuongeza muda wa kadi za zamani. Kumbe habari ilikuwa imefika ofisini kwa mkubwa ikaishia hapo.

#6 Mzee_wa_Bombo
Wanangu, mnazungumza habari za benki, ni sawa. Lakini kwa sisi wengine kadi ni jambo zito kuliko kutoa pesa. Mnubi anapoulizwa "wewe ni wa wapi", hata kama babu wa babu yake amezikwa hapahapa Bombo, huwa anaonyesha kadi kwanza ndipo aongee. Kadi ikipitwa na tarehe, roho inadunda, hata ukimletea wakili na Katiba yake. Heshima kwako, mwanangu wa Lira.

#7 Rwenzori_Trader (Mpondwe)
Mzee shikamoo. Lakini Wanubi wamo kwenye orodha ya Katiba, si kweli? Wale waliokuwapo 1926, Waingereza walipoingia Uganda.

#8 WakiliMdogo (Lira)
@Rwenzori_Trader, Waingereza walitangaza himaya yao juu ya Buganda mwaka 1894. Tarehe 1 Februari 1926 ni habari ya mipaka: siku hiyo ule mkoa wa Rudolf, upande wa Turkana, ulihamishiwa Kenya, na ramani ya Uganda ikabaki takriban kama hii ya leo. Ndiyo maana Katiba inataja makabila yaliyokuwapo ndani ya mipaka "kufikia tarehe 1 Februari 1926". Jedwali la tatu lina jamii 65 baada ya marekebisho ya 2005. Nubi wamo.

#9 Mzee_wa_Bombo
Marahaba mwanangu wa Mpondwe. Tumo, ndiyo. Wazee wetu, askari wenye asili ya Sudani, walichukuliwa na Lugard, ofisa wa Kiingereza, kule karibu na Ziwa Albert mwaka 1891, 1926 ikatukuta tuna watoto na wajukuu. Kuwa kwenye orodha ni jambo moja. Yule kijana wa kamati ya kuhakiki uraia ya parokia (eneo la serikali lililo juu ya kijiji) kuijua hiyo orodha ni jambo jingine.

#10 Binti_Koboko
Hapo sasa nimepata pa kuingilia. Huku kwetu Wakakwa tuko nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Mjomba wangu nyumba yake iko huku, shamba la mkewe liko kule. Mbele ya kamati ya uhakiki unaulizwa ukoo, jina la babu, babu kazikwa wapi, chifu wa enzi hizo alikuwa nani. Sasa babu alizikwa ng'ambo ya kijito kwa sababu alifia harusini! Kijito hicho ndicho mpaka.

Walimpitisha mwishowe, maana bibi mmoja kwenye kamati alikula harusi ileile 😂

#11 Kisenyi_Boy
Kwa hiyo mfumo mzima wa usalama wa taifa unategemea nani alikula pilau ya nani.

#12 Mwl_Kiswahili_Mbale
Mnacheka, lakini hapo ndipo kamati ina maana. Kompyuta haiwezi kujua babu wa mtu. Mimi naona shida haiko kwa wazee wa kijiji, iko kwa waliolelewa mjini. Nina wanafunzi waliozaliwa Namuwongo na kulelewa Namuwongo, baba hajulikani, mama amekufa. Mwulize ukoo wake, atakutajia timu ya mpira. Huyo ataanzia wapi?

Tena sera inatangazwa kwa lugha gani? Matangazo ya redio nayasikia kwa Kiingereza na Luganda, na ndiyo, yapo ya lugha za hapa Mbale pia. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, baraza la mawaziri likalirudia jambo hilo 2022, lakini tangazo la Kiswahili kuhusu kadi sijalisikia redioni kwetu.

#13 Ex_Kambi (Gulu)
Mwalimu, jeshini tungeelezwa kwa Kiswahili na kila mtu angeelewa kwa asubuhi moja. Tatizo la raia ni kupenda kuuliza maswali.

Kwa nini miaka 10? Jibu ni fupi: uso unabadilika, plastiki inachakaa, waghushaji wanajifunza. Mwaka 2014 walichukua picha na vidole. Sasa wanachukua na mboni ya jicho, kwa sababu mkulima aliyeshika jembe miaka thelathini vidole vyake havisomeki kwenye mashine. Hakuna njama.

#14 Rwenzori_Trader (Mpondwe)
Ex_Kambi, kama ni hivyo mbona imeangukia kabla tu ya uchaguzi wa Januari 2026? Na mwaka 2010, serikali ilipotia saini na ile kampuni ya Ujerumani mkataba wa zaidi ya euro milioni 60, ilikuwa pia kuelekea uchaguzi, wa 2011. Kadi zilizotoka wakati huo ni mia chache tu, Bunge likachunguza. Mimi nasema kadi ni biashara. Miaka 10 ni muda wa mkataba mmoja kuzaa mwingine.

#15 Ex_Kambi (Gulu)
Hesabu tu, ndugu. Watu wengi waliandikishwa 2014, kadi zikaanza kutoka mwaka huo na uliofuata. Ongeza 10. Unapata nini? Hata usipotaka unaangukia karibu na uchaguzi. Kalenda haina chama.

#16 Rwenzori_Trader (Mpondwe)
Na aliyechagua 10 badala ya 15, naye hana chama?

#17 FundiLaini (Busia)
Kabla hamjashikana mashati, lile la kura nani analijua vizuri? Hapa kibandani wengi wanapanga foleni kwa hofu ya kura tu.

#18 WakiliMdogo (Lira)
Daftari la wapiga kura ni la Tume ya Uchaguzi, sio la NIRA. Uboreshaji wa daftari ulifanyika Januari hadi Februari 2025, na tarehe ya mwisho ilisogezwa mbele hadi 15 Februari. Aliyemo kwenye daftari yumo, kadi yake iwe nzima au imepitwa. Na kinyume chake: aliyeandikishwa NIRA mwezi Juni akapata NIN kwa mara ya kwanza, hakuingia daftarini kwa kupata kadi.

Wanaochanganya wana sababu yao. Daftari la 2016 lilichotwa kutoka kanzidata ya kadi za taifa, na ili kuingia daftarini unahitaji NIN. Mtu wa kawaida akiona milango miwili inafunguliwa kwa ufunguo mmoja, atasema ni nyumba moja.

#19 MamaShani (Jinja)
Sasa kwa nini wagombea wetu huku wanapita wakitangaza "nendeni mkahuishe kadi mpate kutupigia kura"? Hata mheshimiwa diwani haelewi au anajua anachofanya?

#20 Kisenyi_Boy
Diwani anaelewa kitu kimoja: foleni ni mkutano wa hadhara wa bure.

#21 Mkuu_wa_Parokia (Masindi)
Nafanya kazi parokiani kwa hiyo nitasema nionacho. Kilichowaleta watu kwa wingi kwetu ni PDM, ule mpango wa serikali wa pesa za maendeleo kwa parokia, zaidi ya kura. Ile shilingi milioni moja haitoki bila NIN. Mtu aliyekaa miaka kumi bila kadi na asijali, siku jirani yake aliponunua nguruwe kwa pesa za PDM alikuja asubuhi na mapema na mke na watoto.

Kuna kundi jingine: kadi zao ziko kwa wakopeshaji. Hamtaamini ni wengi kiasi gani. Mtu anakopa laki moja, anaacha kadi. Anakuja kuhuisha anasema "imepotea". Sasa ukisema imepotea, kubadilisha kadi iliyopotea ni shilingi 50,000, kuhuisha iliyopitwa ni bure. Anabaki katikati: akikiri iko kwa mkopeshaji aibu, akisema imepotea pesa.

#22 Kisenyi_Boy
Mkuu wa parokia umenianika mchana kweupe bila kunitaja jina.

#23 Binti_Koboko
🤣🤣🤣 Kisenyi_Boy, mkopeshaji ana kadi ngapi? Anaweza kugombea.

#24 Kisenyi_Boy
Ana droo nzima. Ukiifungua unaona kijiji chote kinatabasamu. Lakini swali la kweli: iliyopitwa na tarehe NA haionekani, unalipa au hulipi?

#25 Mkuu_wa_Parokia (Masindi)
Huku kwetu wanahuisha kwa NIN yako na alama za vidole, hawalazimishi kadi ya zamani mkononi.

#26 Rwenzori_Trader (Mpondwe)
Kwetu shemeji yangu aliambiwa alete ripoti ya polisi na risiti ya malipo.

#27 Ex_Kambi (Gulu)
Shemeji yako aliambiwa na nani? Mwandikishaji, au yule kijana wa nje mwenye kalamu na fomu? Uandikishaji na uhuishaji ni bure. Anayeomba "pesa ya fomu" au "pesa ya mhuri" ni dalali.

#28 Rwenzori_Trader (Mpondwe)
Barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) nayo ni ya dalali? Kila mtu hapa anajua mhuri hautoki bila soda.

#29 Salama_Nyumbani (Arua)
Naomba niingie taratibu. Ninyi vijana mnagombania mhuri, mimi nina mama wa miaka 80 na zaidi. Pesa za wazee, zile 25,000 kwa mwezi, zinaanza ukifika 80, na umri unaosomwa ni ule wa kwenye kadi. Mwandikishaji wa 2014 alimkadiria akamwandika mdogo. Mama alizaliwa kabla ya vita vya Hitler, kadi inasema baadaye. Shangazi zake wadogo wanapokea, yeye hapokei. Sasa kwenye uhuishaji huu tunaweza kurekebisha mwaka?

#30 WakiliMdogo (Lira)
Pole Salama. Kurekebisha taarifa ni ombi tofauti na kuhuisha, lina ada yake na linataka uthibitisho: cheti cha ubatizo, barua, kiapo, chochote chenye tarehe. Na fahamu jambo moja la kukera: mwaka wa kuzaliwa umo ndani ya NIN yenyewe, kwa hiyo huulizwa maswali mengi kuliko aliyekosewa herufi ya jina.

Hauko peke yako. Mashirika ya kiraia yalitoa utafiti Juni 2021 kuhusu wazee na wajawazito wanaonyimwa huduma kwa sababu ya kadi, na mwaka 2022 yakaenda Mahakama Kuu. Hata chanjo ya korona mwaka 2021 ilianza kwa sharti la kadi ya taifa, likashtakiwa, serikali ikalegeza na kukubali vitambulisho vingine.

#31 Mwl_Kiswahili_Mbale
Hapo kuna kitu. Sharti linawekwa, watu wanaumia, linalegezwa kimyakimya, na aliyeumia hapati habari ya kulegezwa. Ya laini za simu 2017 yalikuwa hivyohivyo. Baada ya kuuawa kwa afande Kaweesi, msemaji wa polisi, mwezi Machi, tukapewa siku saba kuthibitisha laini kwa NIN. Siku saba zikawa Mei, Mei ikawa Agosti. Ukishaona hivyo mara mbili tatu, ukisikia "tarehe ya mwisho" unalala usingizi. Serikali imetufundisha yenyewe kutoiamini kalenda yake.

#32 FundiLaini (Busia)
2017 nilipata pesa ya kujengea choo. Sina la kulalamika 😅

#33 Ex_Kambi (Gulu)
Mwalimu, tarehe zinasogezwa kwa sababu watu wanakuja siku ya mwisho. Nani amfundishe nani?

#34 Hajati_Mpya (Mbarara)
Mbona hakuna aliyegusa hili la kodi? Kuanzia 1 Julai 2025 NIN inatumika kama TIN, namba ya mlipakodi. Huku soko zima linasema ukihuisha kadi umejisajili kulipa kodi. Wauza ndizi wamegoma kwenda.

#35 WakiliMdogo (Lira)
Hajati, NIN kutumika kama TIN ni kweli, sheria ya kodi ilirekebishwa mwaka 2025. Lakini kuwa na namba hakukufanyi udaiwe. Unadaiwa kwa kipato au biashara inayofikia kiwango cha kisheria. Tena NIN yao ipo tangu 2014. Kugoma kuhuisha kadi hakuifuti.

#36 Hajati_Mpya (Mbarara)
Nitawaambia, ila wataniuliza kwa nini basi waliiunganisha.

#37 Rwenzori_Trader (Mpondwe)
Swali zuri la wauza ndizi. Nani analijibu?

#38 Ex_Kambi (Gulu)
Ili mtu asiwe na majina matatu kwa maduka matatu.

#39 Mtu_wa_Bweyale
Nimesoma yote. Mnazungumzia kadi kupitwa na tarehe kama msiba. Huku Kiryandongo kuna Wamaragoli, wazee wao walikuja kutoka upande wa Kenya kabla ya uhuru. Hawamo kwenye ile orodha ya 65. Wapo waliopata kadi 2014 wakapigia kura, kisha wakaambiwa si makabila ya Uganda. Kwa hiyo mnaposema "kadi sio uraia", huku maneno hayo yana makali mengine. Kuna mtu amezaliwa hapa, amezika hapa, anatamani hata hiyo iliyopitwa.

#40 Mzee_wa_Bombo
Umesema kweli mwanangu. Na Wahindi wa Jinja na Kampala wameomba miaka mingi waingizwe. Banyarwanda wamo kwenye orodha na bado wanalalamika wanarudishwa madirishani, mpaka wengine wakataka waitwe Abavandimwe.

#41 WakiliMdogo (Lira)
Asiyekuwa kwenye jedwali ana njia ya usajili, ibara ya 12. Aliyezaliwa Uganda na kuishi hapa mfululizo tangu 9 Oktoba 1962, wazazi na babu na bibi zake wasiwe wakimbizi wala wanadiplomasia alipozaliwa, ana haki ya kusajiliwa akiomba.

#42 Mtu_wa_Bweyale
Akiomba. Anayeomba uraia wa kijiji alichozaliwa huwa anaonekana ameungama kwamba ni mgeni. Wengi hawataki kuiandika hiyo barua, na mimi siwalaumu.

#43 Salama_Nyumbani (Arua)
Hapo wakili amenyamaza.

#44 Dereva_Mutukula
Naingiza gari kando kidogo. Kadi ikipitwa na tarehe inavuka mpaka? Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda tunavuka kwa kitambulisho. Malaba nimeona mtu akirudishwa, mwingine wa kadi kama hiyohiyo akapita.

#45 FundiLaini (Busia)
Busia inategemea nani yuko dirishani na umeamka na sura gani. Upande wa Kenya hawana habari na tangazo la waziri wa Kampala la kuongeza muda. Wanasoma tarehe iliyochapwa.

#46 Ex_Kambi (Gulu)
Na wana haki. Nchi nyingine itajuaje?

#47 Dereva_Mutukula
Kwetu Mutukula ni rahisi, Tanzania hawamo kwenye mpango huo. Pasipoti au hati ya muda, basi. Angalau hawakuchanganyi.

#48 Hajati_Mpya (Mbarara)
Nimetoka sokoni. Nimewaeleza ya #35. Mmoja amekubali kwenda kesho, wengine wanasema huyo atangulie waone kama atarudi na karatasi ya kodi.

#49 MamaShani (Jinja)
Hajati umejitahidi 😂 Mimi nina swali jingine kabla uzi haujafungwa. Binti yangu anafikisha 16 mwezi Novemba. Kadi ni kuanzia 16. Nimpeleke sasa aandikwe kama mtoto apate NIN tu, au nimsubirishe nisimpeleke mara mbili?

#50 Mkuu_wa_Parokia (Masindi)
Mpeleke sasa. Nenda na kadi yako na cheti chake cha kuzaliwa. NIN ikishatoka, kadi ni hatua ndogo baadaye.

#51 Rwenzori_Trader (Mpondwe)
Msubirishe. Ukimwandika sasa utaambiwa Novemba arudi kupigwa picha upya, na hapo foleni ya wapiga kampeni imeshafika getini.

#52 MamaShani (Jinja)
Asanteni nyote wawili. Nimebaki nilipokuwa.